Kulea Mbwa Wengi Katika Boma Moja: Malezi, Mafunzo na Maonyesho

Mwanzilishi wa uzi (Kiamunyi, Nakuru)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Maswali kuhusu kufuga mbwa zaidi ya mmoja yamekuwa yakiulizwa hapa mara kwa mara, na majibu yamekuwa ya sentensi moja moja ambayo hayamsaidii mtu anayetaka kuanza. Nimeona heri niyaweke mahali pamoja, kisha wenye uzoefu wakosoe na kuongeza. Nyumbani kwangu wapo mbwa watano: German Shepherd watatu, Japanese Spitz mmoja, na wa tano ni wa kienyeji, asiye na cheti wala ukoo unaojulikana, ambaye kwa akili huwaacha wenzake mbali. Wawili kati yao hupelekwa kwenye maonyesho Nairobi.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayepinga ajue anachopinga. Idadi ya mbwa ambao mtu anaweza kuwalea sawasawa haipimwi kwa magunia ya chakula wala kwa ukubwa wa uwanja. Hupimwa kwa muda: unaweza kuwatoa mbwa wangapi mmoja mmoja, kila siku, ukashughulika na kila mmoja wenzake wakiwa hawapo? Mwenye saa moja kwa siku anaweza kuwa na mbwa watatu, pengine wanne. Mwenye robo saa ana nafasi ya mbwa mmoja, hata kama ana ekari kumi kule Rongai.

Sababu yake huonekana ukikaa kibarazani ukawatazama. Mbwa wanaoshinda pamoja hujiburudisha wenyewe; wanafukuzana, wanabweka kwa zamu, wanachimba chini ya ua, na mwenye nyumba anabaki kuwa mtu wa kuleta sufuria jioni. Siku atakapomwita mmoja wao wakati bodaboda inapita langoni, mbwa huyo ataangalia kwanza wenzake wanaelekea wapi. Watu watasema ni mkaidi. Kwa kweli amepiga hesabu yake vizuri, kwa kuwa kukimbilia lango pamoja na wenzake kumempa raha mara nyingi kuliko sauti ya mwenye nyumba.

Mambo huanza kuharibika siku ya kununua. Wauzaji wengi hupenda kumshawishi mnunuzi achukue watoto wawili wa uzao mmoja, eti wasije wakawa wapweke. Mimi nashauri usikubali. Ndugu wawili wanaokulia banda moja hushikamana kiasi kwamba ukimtenga mmoja kwa muda mfupi analia, anakataa chakula, na mbele ya mgeni hajui pa kujiweka. Mchukue mmoja, umlee hadi atimize mwaka na nusu au miwili, awe anajua kuitwa, kutulia na kutembea na kamba bila kuvuta, ndipo umlete wa pili. Aliyekwisha kuwachukua wawili asikate tamaa, lakini ajue amejitwika mabanda mawili, matembezi mawili na masomo mawili, kila kitu mbali mbali.

Umri nao hausubiri. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi yao Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, walichapisha mwaka 1965 matokeo ya uchunguzi wa miaka mingi. Walionyesha kwamba kuanzia wiki ya 3 hivi hadi karibu ya 12, mtoto wa mbwa huwapokea watu, wanyama na vitu vigeni kwa wepesi ambao haurudi tena akishakua. Taabu ni kwamba kipindi hichohicho ndicho ambacho chanjo zake hazijakamilika, na virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu, huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi. Njia ya katikati ni kumbeba. Mtoto wa wiki ya 9 anaweza kuonyeshwa mashine ya kusaga unga, stendi ya matatu, watoto wanaotoka shuleni na kelele za mvua juu ya mabati akiwa mikononi mwako, bila kukanyaga mahali wanapopita mbwa usiowajua. Na abebwe peke yake. Mbwa mkubwa akifuatana nanyi, mtoto atamtazama mbwa mkubwa na hataona kitu kingine.

Kuhusu ulishaji, jambo ninalosisitiza ni mahali. Kila mbwa ale kwenye sufuria yake, mahali pake, pasipo kumwona mwenzake akila, na sufuria ziondolewe wakimaliza. Ugomvi mwingi wa nyumbani huzaliwa kwenye mabaki. Jifunze kusoma dalili za mapema: mbwa anayekazana mwili ghafla, anayeacha kutafuna bila kuinua kichwa, anayekutazama kwa pembe ya jicho hadi weupe wake ukaonekana. Akinguruma, usimpige. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa sababu ya kuonya hujifunza kuuma bila kuonya.

Wapo watakaokuambia kwamba dawa ni wewe kuwa "mkubwa wa kundi": umlaze mbwa chali, umkamate shingo, ule kabla yake. Fikra hiyo ina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu wa aina ya wolf (si wale wa Afrika) waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na akaeleza jinsi walivyokuwa wakipigania ukubwa. Mtafiti Mmarekani L. David Mech aliieneza fikra hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1970. Baadaye, alipowatazama mbwa mwitu wakiishi huru katika kisiwa cha Ellesmere nchini Kanada, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na kwamba kuwaongoza wadogo hakutokani na vita vya cheo. Yeye mwenyewe aliikosoa kazi yake, ilhali sisi huku bado tunawalaza mbwa chali.

Mafunzo yenyewe yawe mafupi, dakika tano hivi, mara mbili au tatu kwa siku. Malipo yawe kitu ambacho mbwa hapati kwenye sufuria yake: vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa, au omena waliokaushwa, ambao kwa bei na kwa harufu hawana mshindani. Anza na jina lake, kisha kuitwa, kukaa, kutulia mahali pake, kutembea na kamba. Mmoja akifunzwa, wengine wawe bandani au wamefungwa mahali pa kivuli wakiwa na kitu cha kutafuna. Mwanzoni watapiga kelele. Watazoea, na kule kusubiri zamu bila kulia ni somo ambalo mbwa wa nyumba yenye wengi hulihitaji kuliko kutoa mkono wa salamu. Kila mmoja akishajua somo akiwa peke yake ndipo unapowaweka wawili, halafu watatu, ukimtaja kila mmoja kwa jina kabla ya amri ili wengine wajue hawajaitwa. Langoni watoke kwa majina, mmoja baada ya mwingine.

Mchangiaji (Milimani, Kisumu)

Asante kwa uzi huu. Nina majike wawili, mama na binti yake, ambao walipatana vizuri hadi binti alipokaribia miaka miwili. Sasa wanapigana, hasa mmoja wao anapokaribia kuingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, na juzi mama aliraruliwa sikio. Msaidizi wetu wa nyumbani anaogopa hata kuwafungulia. Jirani amenishauri niwaache wapigane hadi mmoja akubali kushindwa. Je, ushauri huo ni sahihi, na mtu awatenganishe namna gani bila kuumwa?

Mwanzilishi wa uzi

Dada, pole kwa masaibu hayo, na tafadhali usiufuate ushauri wa jirani. Madume wawili mara nyingi hufanya kelele nyingi na majeraha machache. Majike wawili wa nyumba moja, wakishaanza, huumizana vibaya na hukumbuka. Umri ulioutaja si wa ajabu, kwa maana kati ya mwaka mmoja na mitatu mbwa huingia utu uzima, na yale aliyoyavumilia utotoni huacha kuyavumilia.

Mkono usiingie kamwe kati ya shingo zao. Anza na maji, ama ya mpira ama ya ndoo, au gonga karai kwa nguvu. Ikishindikana, ingiza kati yao ubao mpana au kiti, au watupie blanketi zito vichwani. Mkiwa watu wazima wawili, kila mmoja amshike mbwa wake kwa miguu ya nyuma karibu na nyonga, mrudi nyuma kwa pamoja mkizunguka ili mbwa asiweze kugeuka akauma. Lakini kama mmoja amekwisha kumng'ata mwenzake na hajaachia, kumvuta kutararua nyama, kwa hiyo subirini aachie kwanza. Baada ya hapo kila mmoja akae chumba chake siku nzima au zaidi. Majeraha yakaguliwe na daktari wa mifugo hata yakionekana madogo, kwa sababu jino la mbwa huacha tundu dogo juu ya ngozi na uharibifu mkubwa chini yake, na usaha hujitokeza siku kadhaa baadaye.

Jike huingia kwenye joto takriban kila miezi sita, na hali hiyo hudumu wiki mbili hadi tatu. Kuwafunga uzazi kutaondoa msukumo huo na pia kutawaepusha na usaha wa mfuko wa uzazi, maradhi yanayowaua majike wengi wa makamo, ila siwezi kukuahidi kwamba kutarudisha upendo. Ikiwa kuna mmoja unayetaka kumzalisha au kumwonyesha, anza na yule mwingine.

Kwa sasa waishi kwa zamu: mmoja uani, mwingine ndani, na milango miwili kati yao badala ya mmoja, kwa sababu siku moja mtoto atasahau kufunga. Msaidizi wako asilazimishwe kuwashika. Fanya mabanda yafunguke kwa kamba kutoka nje. Na kama baada ya miezi kadhaa hali ni ileile, kumtafutia mmoja nyumba nyingine kwa watu unaowaamini ni uamuzi wa heshima. Nimeona watu wakiishi miaka mingi kwa hofu ndani ya boma lao ili wasionekane wameshindwa.

Mchangiaji (Kakamega)

Nimesoma yote haya kwa makini na ninaomba kutofautiana. Sisi tulikulia katika maboma yenye mbwa wanne au watano. Walikula ugali uliobaki, walichunga ng'ombe, waliwinda sungura, na hakuna aliyewahi kumtoa mbwa mmoja mmoja kwa robo saa. Mbwa mzee ndiye aliyewafunza wadogo. Je, haya si mambo ya watu wa mjini tu wenye nafasi?

Mwanzilishi wa uzi

Shikamoo, Mzee. Nusu ya hoja yako naikubali bila kinyongo. Mbwa mzee mtulivu hufunza mambo ambayo mimi siwezi: nani abwekewe na nani apishwe, njia ya kupita kati ya ng'ombe, kumkwepa nyoka. Mbwa wangu wa kienyeji amewafunza German Shepherd wote watatu kunyamaza usiku pasipo na sababu ya kubweka, na sina shukrani ya kumtosha. Hata hivyo, mbwa mzee hamfunzi mdogo kumsikiliza binadamu. Katika maboma hayo ya zamani somo hilo lilitolewa na mtoto mchungaji aliyeshinda malishoni na mbwa wake kuanzia asubuhi hadi jioni, na muda huo unazidi kwa mbali robo saa yangu. Leo mtoto yuko shuleni, malisho yamekuwa ploti ya futi 50 kwa 100 yenye ukuta, na mbwa hana kazi. Kuhesabu muda tumelazimika.

Kuhusu ugali uliobaki, hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu mbwa wengi wa magharibi na wa Bonde la Ufa hufa kwa chakula na kifo chao huitwa sumu ya jirani. Mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumu ya aflatoksini. Ndiyo sumu iliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini katika mahindi ya kuliwa na watu ni mikrogramu 10 kwa kila kilo, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi. Kupika hakuiondoi. Ilhali desturi yetu ni kwamba mahindi yaliyokataliwa na watu, na ya mwisho wa gunia, hutengewa mbwa. Mbwa aliyedhurika huanza kukataa chakula, hutapika, fizi na weupe wa macho hugeuka manjano, na huweza kutoa kinyesi cheusi au chenye damu. Kufikia hapo ini limekwisha kuharibika. Unga wa mbwa na uwe ule unaokula wewe.

La pili ni matumbo ya kuku. Kuna mnyoo uitwao Spirocerca lupi, unaopatikana sana kwa mbwa wa nchi hii, ambao hujenga uvimbe kwenye umio. Mbwa huupata kwa kula mbawakawa wa mavi, au kwa kula kiumbe aliyekula mbawakawa, kama vile mjusi, panya na kuku wa kienyeji anayejitafutia. Uvimbe huo huweza kugeuka saratani au kupasua mshipa mkubwa wa damu, na mbwa akaanguka akafa bila aliyejua anaumwa. Ukiona mbwa anacheua chakula mara kwa mara na anakonda ingawa hamu ya kula ipo, mpeleke akapimwe. Matumbo hayo yachemshwe sawasawa au yafukiwe.

Mengine ni mafupi. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Mchuzi wenye vitunguu vingi huharibu chembe za damu za mbwa. Ugali si adui ukiandamana na omena, damu iliyopikwa au nyama, lakini ugali mtupu hauwezi kumkuza mtoto wa mbwa mkubwa. Na wale wanaowajazia watoto hao vidonge vya kalisi ili masikio yasimame wanahatarisha mifupa yao bila faida, kwa kuwa kalisi ikizidi huharibu ukuaji kama inavyofanya ikipungua.

Mchangiaji (Njoro)

Nina dume la German Shepherd la miezi mitano na wazazi wake wana vyeti. Ningependa kumwonyesha. Nianzie wapi? Na je, nifanye naye mazoezi pamoja na mbwa wangu mwingine ili asiogope?

Mwanzilishi wa uzi

Anza na usajili. East Africa Kennel Club, yenye makao Nairobi, ndiyo inayosajili mbwa wa aina zinazotambuliwa na kuandaa maonyesho yake. Hakikisha jina la mtoto limo katika usajili wa uzao wake kabla ya kumlipa muuzaji fedha zote, kwa maana vyeti vya wazazi pekee havimsajili mtoto.

Elewa pia kinachoamuliwa. Mwamuzi hatafuti mbwa mzuri machoni pake. Humpima kila mbwa kwa maelezo yaliyoandikwa kuhusu aina hiyo, na mshindi ni yule anayeyakaribia zaidi siku hiyo. Utaratibu huu una umri: klabu ya mbwa ya Uingereza iliundwa mwaka 1873, shirikisho la kimataifa, FCI, mwaka 1911, na chama cha Wajerumani cha German Shepherd, chini ya Max von Stephanitz, mwaka 1899. Kwa dume wa aina yako maelezo yanataka kimo cha sentimita 60 hadi 65 mabegani na uzito wa kilo 30 hadi 40, meno 42, ya juu yakipishana na ya chini kama makali ya mkasi, masikio yaliyosimama, na makende mawili yaliyoshuka. Mwamuzi atavikagua hivyo kwa mikono yake. Mbwa ambaye hajawahi kufunuliwa midomo na mtu asiyemjua atajikunyata au atauma, na akiuma safari imeishia hapo.

Kwa hiyo kazi yako ya miezi hii ni kumzoesha mikono ya watu. Omba marafiki, wanaume kwa wanawake, wenye kofia na wasio na kofia, wamguse kichwa, wamfunue meno, wampapase mgongo hadi mapajani, na kila mmoja amlipe omena. Mfunze kusimama imara kwa nusu dakika, kisha dakika moja, mguu mmoja wa nyuma ukiwa mbele kidogo ya mwenzake kama inavyotakiwa kwa aina hii. Mfunze kukimbia mwendo wa mchakamchaka upande wako wa kushoto kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi, halafu kwa duara, kamba ikiwa imelegea. Wengi hujali manyoya na kusahau mwendo, wakati mwendo ndio unaofichua mgongo dhaifu na viwiko vilivyotoka nje. Mazoezi ya kuruka na kukimbia masafa marefu barabarani yangoje hadi mwaka mmoja na nusu, mifupa ikishafunga. Hali ya nyonga huonekana kwa eksirei pekee, na picha inayokubalika rasmi hupigwa mbwa akishatimiza angalau mwaka mmoja. Usimzalishe kabla ya hapo, hata akishinda vikombe.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo kiini cha uzi huu. La, usifanye mazoezi pamoja na mbwa mwingine. Ulingoni ataingia na wewe tu. Mbwa aliyezoea kupata ujasiri kwa mwenzake huonekana shujaa nyumbani, lakini ukimtenga mbele ya vipaza sauti na mbwa wageni mkia huingia katikati ya miguu, na mwamuzi hawezi kuona mgongo wala mwendo wa mbwa aliyejikunja. Mpeleke peke yake karibu na soko la Njoro siku ya soko, umsimamishe pembeni ambapo kelele zinasikika bila watu kumkanyaga, umlipe akitulia, mwondoke mapema. Nyumbani, wiki za mwisho kabla ya maonyesho, punguza michezo ya vurugu na wenzake. Jino lililovunjika kwa kuvutana gongo halioti tena, na kilema cha muda cha mguu hakitasubiri siku ya maonyesho ipite.

Mchangiaji (Busia)

Na chanjo je? Kwa mbwa wengi gharama inapanda. Inaruhusiwa kumchanja mmoja au wawili wanaotoka nje tu?

Mwanzilishi wa uzi

Hapa ndipo kanuni yangu ya mmoja mmoja inapogeuka. Mafunzo ni ya kila mbwa peke yake, lakini kinga ni ya boma zima siku moja. Ukimpa dawa ya minyoo au ya kupe mmoja leo na mwingine mwezi ujao, wataambukizana mwaka mzima na fedha zitapotea.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mtoto akitimiza miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Serikali ilianza mpango wa kuondoa vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa mwaka 2014, ukilenga mwaka 2030. Siaya na Kisumu zilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo, na lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kampeni za chanjo ya bure mara nyingi hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo muulize afisa wa mifugo wa wadi yako mapema. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na afike hospitalini siku hiyohiyo.

Mawili zaidi. Dawa ya josho la ng'ombe isipakwe mbwa kwa kukisia, maana kipimo chake ni kingine na watoto wa mbwa wamekufa kwayo. Sindano ya ivermektini ambayo wahudumu wengine huitoa kwa kila kiumbe ni hatari kubwa kwa mbwa wa jamii ya collie (mbwa wa kuchunga kondoo) na machotara wao, kutokana na kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa kuingia ubongoni. Muulize daktari kabla hajachoma.

Mchangiaji (Milimani, Kisumu)

Nashukuru kwa majibu. Tumeanza kuishi kwa zamu na nyumba imetulia kidogo. Swali moja la mwisho. Binti nimemsajili na ningetaka kumpeleka Nairobi siku moja. Huku kwetu joto ni kali na safari ni ndefu. Mnasafirisha vipi?

Mwanzilishi wa uzi

Dada, sisi wa Nakuru tuna nafuu ya kilomita 160 hivi na baridi ya mita 1,850 juu ya bahari. Wewe una takriban kilomita 350, na Kisumu iko mita 1,130 tu, kwa hiyo ondoka usiku ili jua lichomoze ukiwa umekwisha kupanda nyanda za juu. Matatu nyingi hazimchukui mbwa, na zinazomchukua humweka buti. Kodi gari na wenzako wa Kisumu wanaokwenda huko. Mlishe kidogo muda wa saa sita kabla ya kuondoka, maji mpe kila mnaposimama, na umzoeshe kasha la kusafiria nyumbani wiki kadhaa kabla, kwanza mlango ukiwa wazi na chakula ndani.

Gari likisimama, asiachwe ndani peke yake hata madirisha yakiwa wazi nusu. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39, na likipita 41 maisha yako hatarini. Akihema bila kukoma, ulimi ukawa mwekundu sana na miguu ikamlegea, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mtafute daktari mara moja. Mazoezi yenu ya mwendo huko Kisumu yafanyike kabla ya saa moja asubuhi. Kitabu cha chanjo na karatasi za usajili viweke kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu vitaulizwa kabla mbwa hajateremshwa. Na mama yake abaki nyumbani.